Mkurugenzi wa Kampuni Arobaini na Moja

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua. Ng'ombe anakohoa. Mimi pia. Hamon mzima wa afya.

Cyril Hamon kanunua trekta jipya. Jekundu! Kalipitisha langoni kwangu mara nne asubuhi hii, na Oktoba hakuna cha kulima. Mara ya nne kapunguza mwendo na kunipungia mkono kama askofu. Nikamwuliza limemgharimu kiasi gani. Akajibu hajui, wakili ndiye aliyelilipia, siku hizi ana kampuni mia tatu na kumi na mbili, mambo madogo madogo hayamkai kichwani. Mambo madogo madogo! Baba yake alikuwa akija kwetu kuazima chumvi.

Mia tatu na kumi na mbili. Mimi ninazo arobaini na moja. Kazi ni ileile: Wakili Perchard anakuja na boti kutoka Guernsey, kisiwa kikubwa cha jirani, anaweka karatasi mezani jikoni, tunasaini. Kampuni ni za watu wa mbali wasiotaka majina yao yaonekane, basi linaonekana jina langu. Sijawahi kuuliza zinafanya nini. Mkurugenzi mwema hapekuipekui. Ila nyingine zina mkosi, na mkosi huo naogopa unatoka kwangu. Primrose Nne, ile ya mbao za Afrika, hasara mwaka wa sita mfululizo! Nimesaini hasara zote sita kwa mkono wangu huu. Mwaka jana nilitaka kujiuzulu kwa aibu. Elvina akasema mke wa mwanamume anayeona aibu kwa pesa asiyoijua ana kazi ya ziada.

Kumi na mbili pekee zingenitosha nifike hamsini na tatu. Hapo ningeweza kusimama kanisani bila kuangalia chini.

Jumanne, 7 Oktoba

Siku ya ajabu.

Nilikuwa zizini, namsugua ng'ombe mafuta kifuani, Elvina akaingia na mwanamke mgeni. Mweusi, mrefu, umri wa makamo, koti jembamba lisilofaa upepo wetu, begi moja. Katoka bandarini kwa miguu. Akajitambulisha: Bi Namukolo Sitali, idara ya kodi, Lusaka, Zambia. Akaomba kuonana na Mheshimiwa H. Vaudin, Mkurugenzi Mkuu wa Primrose Nne.

Nikamwambia ndiye mimi.

Akatazama gambuti zangu. Akatazama ng'ombe. Akaomba tena, polepole zaidi, kuonana na Mheshimiwa H. Vaudin. Nikarudia jibu. Basi akageuza ndoo, akaikalia, akafunika uso kwa viganja viwili. Elvina akamshika bega. Mimi niliendelea kusugua, maana mafuta yakipoa hayafai.

Alipopata nguvu akataka kueleza. Lakini nilimtangulia, kwa heshima, nikamwomba radhi kwa zile hasara sita. Nikamwambia nimeziombea. Akatoa faili begini. Kisha akasema, "Bwana Vaudin, hasara haikuwapo hata siku moja."

Ni hivi. Primrose Nne imekata misitu ya mkusi, mti wa mbao ngumu, huko kwao magharibi mpaka imebaki visiki. Kila gogo ikajiuzia yenyewe huku kwetu kwa bei ya kuni. Kwao inaandikwa hasara, kodi hakuna. Kisha kutoka huku, gogo lilelile likauzwa Ulaya kwa bei yake ya kweli. Faida yote imelala benki ya Guernsey. Pauni milioni nne.

Nilimshika ng'ombe pembe nisianguke. Milioni nne! Na mimi hulipwa mia moja na hamsini kwa mwaka, na wino natoa mwenyewe.

Ijumaa jioni kampuni inafungwa, pesa zinahamia kisiwa kingine chenye minazi, na huko hazifuatiliki tena. Kuna dawa moja tu. Mkurugenzi asaini amri ya kuzizuia, ipelekwe benki kwa mkono, karatasi yenyewe yenye wino, kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Hapo zitakaa mpaka mahakama iseme. Ndege yake ni Jumapili asubuhi. Bosi wake kamwambia akirudi mikono mitupu faili linafungwa, serikali haina nauli ya pili.

Elvina akamwuliza zilikuwa pesa za nini, hizo za kodi. Akasema hospitali ya wilaya yao. Dada yake ni mkunga pale. Pampu ya maji imekufa mwaka wa tatu. Mama mjamzito anakuja na ndoo yake, na mshumaa wake, na glavu za mkunga kama anazo.

Elvina akanigeukia, akaniambia nisaini sasa hivi. Nikasema jambo zito halitaki pupa, niachieni nilifikirie. Wakaenda jikoni kula mkate wa zabibu. Mimi nikabaki na ng'ombe. Ukweli wenyewe nauandika hapa, hakuna anayesoma: kitu chenye wateja wawili kina bei. Na saini yangu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ina wateja wawili.

Jumatano, 8 Oktoba

Perchard kaja kwa vikao. Bodi kumi na moja kabla chai haijapoa. Yeye anasoma kwamba mwenyekiti amewashukuru wajumbe wote, mimi natikisa kichwa, tunasaini. Mwenyekiti ni mimi. Wajumbe ni mimi. Bi Sitali alikuwa palepale anamenya viazi na Elvina, kichwa chini. Perchard alidhani ni mgeni wa kanisa, akamwuliza anaionaje baridi. Bi Sitali akamjibu baridi si neno, amezoea kukaa na watu wa baridi. Perchard akacheka, akasema ni mama mchangamfu.

Nikamvuta nje, nyuma ya ghala. Nikamwambia, kwa mafumbo, kwamba huenda mtu fulani anaulizia Primrose Nne. Kwamba huenda mkurugenzi wake ana dhamiri. Kwamba dhamiri, kwa bahati mbaya, ina gharama zake.

Hakukasirika. Akaniuliza ninataka nini. Nikasema kumi na mbili. Akanipiga begani, akasema, "Hedley, nitakupa thelathini." Thelathini! Arobaini na moja na thelathini ni sabini na moja! Sharti nisaini kufunga Ijumaa na nisimwambie mtu. Nikasema nitafikiria, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Kisha nikaona si haki kutompa Bi Sitali nafasi naye. Nikamfuata kisimani. Nikamwambia ninaelekea kusaini kwake, ila je, serikali yao haina kajishukrani? Akafikiri. Akasema anayo posho yake ya chakula, na nusu ameshampa Elvina kwa ajili ya kitanda. Akaingiza mkono mfukoni akatoa iliyobaki, akaninyooshea. Zilikuwa noti zimekunjwa mno, kama zilipitia mikono ya watu wengi. Nikasema nilikuwa natania. Akasema kwao mtu akitania hucheka.

Bila shaka alimweleza Elvina. Chakula cha jioni nimepewa viazi bila siagi. Mgeni kapewa chungu cha maharage na mguu wa nguruwe, uleule niliokuwa nimeuwekea macho tangu Jumapili. Elvina kaniambia kwa upole wa kutisha kwamba amekaa na mimi miaka ishirini na sita akijua mimi ni mpumbavu, na alikuwa ameridhika. Ila hakujua kama ni mimi pia niliyeikausha ile pampu. Nikasema sijawahi kufika Zambia. Akasema ndiyo hivyo, hata kufika sikufika.

Silali. Sabini na moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwisha. Nimezikwa. Mwenye kusoma haya aniombee.

Nilikwenda kilabuni adhuhuri, nimevaa tai, kumpa Perchard jibu: nakubali thelathini. Nikamkuta kakaa na Hamon, wanakula pweza. Kabla sijafungua mdomo akainuka mbele ya watu wote akatangaza kwamba Bwana Hamon ameongezewa kampuni thelathini. Watu wakapiga makofi! Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, ndugu yangu, hizo si zangu? Akaniambia bila kushusha sauti kwamba amelala akilifikiria, na mkurugenzi akianza kufikiri hana faida tena. Hamon hafikiri. Hamon ni hazina. Kisha, mbele yangu, akamwagiza Hamon kesho alete bandarini lile sanduku la karatasi za Primrose Nne lililo ghalani kwake, lisafiri na boti ya saa tano.

Hamon akanitazama kwa huruma. Huruma! Akaniambia, "Usikonde, mzee, mwakani nitakuombea hata tano." Kilabu kizima kiliangua kicheko. Hata mbwa wa Torode alinitazama.

Nikatembea njia nzima naongea peke yangu. Na langoni pangu, Mungu akanifungulia akili. Huku kwetu ni ncha ya kisiwa. Mahali ncha inaposhikana na kisiwa, ardhi ni nyembamba kama shingo ya kuku, genge la kutumbukia baharini huku na genge kule, na ile shingo ni ya Vaudin tangu enzi za babu wa babu. Lango ni langu. Njia ni moja. Hamon anaishi ndani kwenye ncha. Hawezi kufika bandarini bila kupita kwangu. Sanduku halitoki!

Nikaingia jikoni nikamwambia Bi Sitali alete karatasi. Nikasaini. Kwa kalamu ya babu. Elvina akanibusu shavuni, jambo ambalo mara ya mwisho lilitokea tulipouza ndama pacha. Bi Sitali akalia bila sauti, akasema jina langu litafika kwa waziri. Nikakohoa kwa unyenyekevu. Sikuwaambia kwamba nimesaini kwa sababu ya Hamon. Kuna haja gani ya kumharibia mtu furaha?

Mpango wa kesho: wao wawili wanashuka na boti ya saa tano, saa sita wako benki. Mimi nazuia sanduku. Pesa zitakaa, Perchard atapiga magoti, Hamon atabaki na trekta lake. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula siagi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika kwa sababu hakuna mtu anayenisemesha.

Asubuhi nikawaita mashahidi wawili langoni: mjane Torode na Lenfestey mwoka mikate, ambaye mwaka huu zamu ya ukonstebo imemwangukia. Elvina na Bi Sitali walikuwa bado wanafunga begi. Sikutaka kuwasumbua. Hamon akaja na trekta, sanduku juu ya tela, anapiga mluzi.

Nikapiga goti matopeni. Nikavua kofia. Nikapaza sauti kama mababu walivyopaza: "Haro! Haro! Haro! Nisaidie, ee Mkuu wangu, nadhulumiwa!" Kisha Baba Yetu kwa Kifaransa cha wazee. Katikati nikasahau, mjane Torode akanidokezea. Haro ni Haro, kilio cha sheria ya kale cha mwenye ardhi. Ikishapigwa mbele ya mashahidi, kila kitu kinasimama pale kilipo mpaka mahakama itoe neno, hata angekuwa mfalme amebeba kitoweo. Nikamalizia kwa moto wote niliokuwa nao tangu jana: "Asipite mtu wala chombo langoni hapa!"

Hamon akazima trekta. Akavua kofia. Akawa mweupe kama jibini. Kimya, ndege tu! Miaka hamsini na nne nimeishi na sijawahi kuonja raha kama ile.

Raha ikadumu mpaka Elvina na Bi Sitali walipotokea na begi.

Lenfestey akalaza baiskeli yake katikati ya lango. Akasema anasikitika sana. Mtu wala chombo. Nikamwambia mbona huyu hahusiki, Haro ni ya Hamon na tela lake. Akaniuliza, kwa heshima, je, huyu mama si mtu? Nikasema basi naifuta. Akasema mimi siwezi kuifuta, mahakama ndiyo inayofuta. Mahakama lini? Hakimu yuko Guernsey anang'olewa jino, atarudi wiki ijayo. Nikamwambia, Lenfestey, tumebatizwa siku moja! Akasema ndiyo maana anaumia. Baba yake aliwahi kulinda Haro ya banda la nguruwe vipupwe viwili, mpaka nguruwe wakafa, na hakumruhusu mtu hata kuwapelekea maganda. Alikuwa karibu kulia. Lakini baiskeli haikuondoka.

Elvina akamwomba. Mjane Torode akamwomba, kisha akajikumbusha kwamba yeye ni shahidi, akanyamaza. Hata Hamon akamwomba! Hamon, aliyeitiwa Haro! Akasema yeye hajui mambo ya karatasi, ila mama huyu apite, yeye na tela lake watangoja hata Krismasi. Lenfestey akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

Nikatoa wazo apewe Lenfestey karatasi aipeleke yeye. Akasema akiondoka nani atalinda Haro?

Hamon akamwuliza Bi Sitali kama anajua kuogelea. Hajui. Akashuka mwenyewe genge kwa kamba kuitazama mashua yake. Tukalisikia wimbi kabla ya kumwona. Akarudi ameloa mpaka shingoni, anatetemeka, akasema leo mashua ikitiwa majini itapasuka, na mtu naye. Elvina akampa suruali yangu ya kanisani.

Boti ikapiga honi. Kutoka langoni unaiona vizuri ikitoka bandarini, ukiwa na macho. Bi Sitali alikuwa amekalia begi lake. Karatasi yangu alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili, isilowe.

Nikakimbia nyumbani kupiga simu benki. Nikasema hapa ni Vaudin, Mkurugenzi Mkuu wa Primrose Nne, zuieni pesa. Msichana akaniomba ningoje. Akarudi akasema samahani, benki haiijui sauti yangu. Nikamwambia nimekuwa mkurugenzi miaka sita! Akasema wanayoijua ni sauti ya Wakili Perchard.

Nikarudi langoni. Nilitamani Bi Sitali anitukane. Angenitukana, na mimi ningejitetea. Aliniuliza tu hiyo sheria yetu ina umri gani. Nikamwambia, na Mungu anisamehe nilisema kwa majivuno, miaka elfu. Akasema kwao nako ipo sheria ya kulinda misitu. Ila tangu aanze kazi hajaona hata lori moja likisimama kwa ajili yake.

Saa tisa na nusu ilipolia kwenye redio, Elvina aliizima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Perchard kapiga simu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, hee, wakili, sanduku lako liko bado huku, umekwama!

Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema sanduku lina stakabadhi za zamani tu, alitaka kulichoma moto. Pesa zilishaondoka jana saa nane mchana. Kwa faksi. Nikamwuliza faksi iliondokaje bila saini ya mkurugenzi. Akasema saini ilikuwapo, tena nzuri, yangu. Kumbe! Zile karatasi tupu anazoniletea kila Januari, nisaini thelathini kwa mpigo, ili asinisumbue sumbue katikati ya mwaka. Alibakiwa na tisa. Sasa nane.

Nikamwuliza, je, ile amri ya kuzuia ingefika benki jana saa sita, ingekuwaje? Akasema, "Hedley, ingefika saa sita ungetumaliza."

Milioni nne zimepita juu ya genge, juu ya lango, juu ya Lenfestey na baiskeli yake, na hakuna aliyezipigia Haro. Mwanamke mmoja mwenye begi ndiye aliyesimamishwa. Na aliyemsimamisha ni mimi, kwa goti langu mwenyewe. Nimekaa zizini na neno hili tangu asubuhi. Hata ng'ombe kanigeuzia mgongo.

Bahari ilitulia adhuhuri. Hamon akamshusha Bi Sitali genge kwa kamba, akiwa amemfunga kwa uangalifu kama yai, akamzungusha na mashua mpaka bandarini. Elvina alishuka naye. Kabla hajafungwa kamba Bi Sitali akanipa mkono. Akasema, "Bwana Vaudin, wewe ulisaini. Nitalisema hilo." Nikaona afadhali. Nikamwuliza atakapofika kwao atafanya nini. Akasema Jumatatu ataripoti kazini, faili litafungwa. Jumanne ataenda kwa dada yake, maana ameahidi kumpelekea mishumaa.

Karatasi kaiacha mezani jikoni. Elvina kaifunika na sahani na hataki iguswe.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani, tulikozungushwa na mashua ya Hamon kwa kuwa lango bado limefungwa, Elvina kakaa na akina Hamon. Hamon kavaa suruali yangu. Inamkaa vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mahakama imekaa. Hakimu, shavu limevimba, kasema Haro ni ya kulinda ardhi, si ya kukomoana na jirani. Nimepigwa faini pauni mia mbili hamsini kwa kuipiga vibaya, pamoja na gharama za Lenfestey, ambaye alilala langoni usiku kumi akilinda na mikate ya kisiwa kizima ikakosekana. Watu waliokosa mikate nao walikuja mahakamani. Sitayaandika waliyosema.

Pesa hizo sina. Nilikaa kizimbani nikaona ng'ombe anauzwa, naona lango linauzwa, naona Hamon analinunua na kulipaka rangi nyekundu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Perchard alikuwa akinisubiri nje. Akasema amelifikiria tena. Kisiwa kizima sasa kinanijua kuwa mpumbavu, na hilo kwa kazi yake ni sifa. Yuko tayari kunilipia faini yote, na kunipa kampuni mpya moja. Moja! Aliniona mtoto. Safari hii sikukubali kuburutwa. Nikamkazia macho, nikakunja mikono, nikasema mbili au hakuna. Akavuta pumzi. Akatazama juu. Nikajua nimemshika pabaya. Akasema haya, mbili, Hedley, umenibana kweli. Nimembana! Nikasaini papo hapo juu ya ukuta wa mahakama, na karatasi tupu thelathini kwa kila moja, kama kawaida.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nikamwambia Elvina faini imekwisha, ng'ombe amepona, na sasa tuna arobaini na mbili, maana Primrose Nne imetoka na mbili zimeingia. Akaniuliza hizo mbili zinafanya kazi gani. Nikamwambia mkurugenzi mwema hapekuipekui. Akasema basi angalau nimsomee zinafanyia wapi. Nikatoa karatasi, nikamsomea. Moja ni ya mbao na nyingine ni ya shaba, zote mbili Zambia, mkoa wa magharibi, wilaya ileile ya dada yake Bi Sitali. Dunia ndogo!

Elvina akaweka kijiko mezani. Akachukua koti lake, akachukua ile karatasi ya Bi Sitali chini ya sahani, akatoka. Nimemwona akipita langoni, anaelekea bandarini, hajageuka nyuma.

Sijui nini kimemkasirisha. Nadhani alitarajia tatu.